Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini

Juni 12

Kusum kanipa kitabu hiki cha tarehe, kilichotolewa bure na duka la dawa za kuua wadudu wa mimea kule sokoni. Kila ukurasa una picha ya mdudu aliyekufa. "Mama," akaniambia, "badala ya kuzozana na masufuria jikoni, andika." Mkwe gani huyu! Lakini nimekichukua. Nilisoma mpaka darasa la nane, na tangu hapo sijaandika kitu zaidi ya jina langu nikipokea mchele wa serikali.

Haya, nianze na habari kubwa. Kusum, mke wa mwanangu Birendar, ana mimba ya miezi mitano. Mtoto wa mwisho kuzaliwa mtaa huu wa juu sasa anaota ndevu, tena anaziotea huko Delhi. Mume wangu, Kalam Singh, hazungumzi jambo jingine. Anasema mtoto atazaliwa hapa Kaphalsain, chumba kile kile alichozaliwa yeye na baba yake. Birendar angependa mkewe akae naye mjini, ila huko anakaa chumba kimoja na wapishi wenzake wa hoteli, wanalala kwa zamu. Basi Kusum yuko na sisi.

Juni 15

Nimehesabu moshi asubuhi. Mtaa wa juu, kwetu sisi Thakur wenye ardhi na kwa Brahmin wa ukoo wa makuhani, nyumba ni nyingi na karibu zote zina kufuli. Moshi unatoka kwetu, kwa kuhani Mahidhar, na kwa yule askari mstaafu mwenye mguu mbovu. Mtaa wa chini, kwa akina Das wapiga ngoma na kwa wahunzi, moshi ni mwingi mpaka hauoni mapaa. Sisi wenye mashamba tumeyakimbia, wao wasio na hata kitalu wamebaki. Nikamwambia Baba Birendar, "Siku hizi kijiji ni wao."

Akasema, "Kijiji ni sisi. Wale ni wa chini tu."

Sisi watu wangapi? Nikamwachia chai yake nikaondoka.

Juni 21

Nguruwe mwitu wamemaliza viazi. Mvua bado.

Juni 29

Leo kuna jambo limenikaa kooni.

Manoj, mtoto wa Dayal Das, kaoa. Bibi harusi katoka upande wa pili wa mlima, kwa hiyo njia yao ilipita katikati ya mtaa wetu kabla ya kuteremka kwao. Sasa desturi ya hapa ni hii: wao ndio wanaobeba machela za harusi zetu, tangu enzi na enzi, lakini bibi harusi wao akifika kwenye chemchemi yetu hushuka. Anapita mbele ya nyumba zetu kwa miguu, akishatuvuka ndipo anapanda tena. Serikali ilishapiga marufuku zamani. Serikali yenyewe hapa kwetu hufika kiangazi tu.

Ngoma zilisikika tangu mbali, na mvua ya kwanza ya mwaka ikaanza kudondoka nazo. Mume wangu akachukua fimbo akasimama njiani. Kuhani Mahidhar akasimama naye na kikohozi chake, na askari na mguu wake. Wazee watatu mbele ya harusi nzima. Wangetaka kutupita wangetupita hata bila kusukuma.

"Mshusheni," akasema mume wangu.

Manoj alikuwa amevaa suti ya kijivu na miwani. "Mzee, huyu ni mke wangu. Hashuki. Huoni mvua?"

"Mama yako alishuka hapa hapa. Wewe una nini cha zaidi?"

"Nina kazi Chandigarh. Napika, na watu wa namna yako wanakula, tena wanaomba waongezewe."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka nyuma ya mlango, maana kwetu chakula kilichopikwa nao hatukigusi, na jibu lilikuwa na pilipili yake. Nilidhani mambo yangeishia hapo, mzee angenuna, harusi ingepita.

Lakini Dayal Das akavua ngoma shingoni. Mzee yule ana umri sawa na mume wangu, walichunga mbuzi pamoja, kila mmoja upande wake wa kijito. Akaenda kwenye machela akasema kwa upole, "Shuka, mwanangu. Shuka tufike nyumbani."

Msichana akashuka. Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, akaona haya kuinama kukitafuta, akapita mbele ya veranda yangu mguu mmoja mtupu na rangi ya sari inamchirizikia visiginoni. Hakulia. Heri angelia.

Manoj akamwambia baba yake, "Leo umenivua nguo mbele ya watu." Mume wangu alikula vizuri jioni, akaomba samli ya pili.

Julai 4

Mvua imekaa sawasawa. Kuni zote zina unyevu. Kusum anatapika bado, sijui mimba gani hii ya kutapika mwezi wa sita.

Julai 10

Manoj kaondoka na mkewe, na si peke yao. Kachukua binamu zake wawili na wake zao na watoto. Hoteli yao inataka watu wa kuosha vyombo na kubeba mizigo. Wamepita na mabunda kichwani, wakiaga miungu tu, kwetu wala salamu.

"Bora waende," akasema mume wangu.

Nikamuuliza, "Na wakienda wote, mkweo atabebwa na nani? Maana gari la wagonjwa halipandi huku."

"Wataenda wapi wale? Watarudi kabla hata ya mahindi."

Huyu mwanamume ana kichwa kigumu, hata kukigonga ni kujichosha.

Julai 19

Tumegombana. Mhudumu wa afya alipanda kutoka barabarani, mama wa watu kalowa chapachapa, akampima Kusum na kusema damu yake ni pungufu, mtoto ni mdogo, na kwamba akae karibu na hospitali kuanzia mwezi ujao. Kusum alinitazama mimi.

Nikasema, "Baba Birendar, nina binamu yangu pale mjini penye hospitali. Akakae kwake."

"Akazalie nyumba ya kupanga? Ukoo huu?"

"Ukoo gani? Ukoo ni wewe na mimi na ng'ombe."

Akaacha kula. Akatoka akaenda kukaa veranda, akawa anazitazama zile nyumba zenye kufuli, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilidhani ni baridi. Kumbe analia. Miaka yote hii sijawahi kumwona akilia, hata alipoichoma maiti ya mama yake. Akasema, "Hapa palikuwa na watoto mpaka huwezi kulala mchana. Nataka mmoja tu aseme kazaliwa hapa." Basi nikanywea. Nikamwambia Kusum tutaona.

Julai 26

Mhunzi na familia yake wameondoka. Mundu wangu ni butu na hakuna wa kuunoa.

Agosti 3

Mlima umekatika juu ya barabara, mawe na miti. Magari yanaishia upande wa pili wa kijito. Yaani sasa mtu akiugua ni kubebwa kwa miguu nusu siku.

Agosti 9

Nimeteremka mtaa wa chini, nikajifanya natafuta mbuzi. Nilitaka kuona waliobaki. Kufuli, kufuli, kufuli. Huku kwao nako! Amebaki Dayal Das, mkewe Chaita, na kaka wa Dayal asiyeona vizuri. Manoj kawaita waende lakini Dayal Das kasema mpaka mvua iishe.

Chaita alikuwa anapepeta wimbi mlangoni. Yeye ndiye mkunga. Ndiye aliyempokea Birendar, na dada zake waliokufa. Akasimama aliponiona, akarudi nyuma hatua mbili kama desturi. "Bimkubwa, mbuzi hajapita huku."

"Nilikuwa natafuta tu."

"Mkwe wako yukoje?"

"Miguu imevimba."

Akapepeta kidogo. Kisha akasema, "Mpeleke mjini, bimkubwa. Mabega yamekwisha hapa."

Nilirudi nimeazimia kumsema mume wangu usiku kucha. Nilimkuta kalala. Na asubuhi ilikuwa mvua.

Agosti 14

Hakuna jambo. Ukungu. Kusum kafuma kofia moja, ndogo ajabu.

Agosti 21

Ni siku mbili sasa nashindwa kuandika. Naandika.

Tarehe kumi na tisa asubuhi Kusum alishikwa na uchungu, kabla ya wakati wake, na damu. Mume wangu hakubisha hata kidogo. Alitoka mbio bila kiatu mpaka mtaa wa chini. Sikusikia alimwambiaje Dayal Das. Nilichoona ni kwamba walirudi pamoja wakipanda, na kaka mtu yule asiyeona vizuri, na Chaita nyuma. Hakuna aliyetaja harusi.

Tukafunga kiti cha plastiki kwenye miti miwili. Mbele wakashika mume wangu na Dayal Das, nyuma kaka mtu na mimi. Mwanamke kubeba machela! Kuhani Mahidhar alitutazama toka dirishani kwake, akajitia hamnazo. Njia ilikuwa inateleza kama imepakwa sabuni. Kusum kashika miti kwa mikono yote miwili, hapigi kelele, anasema tu, "Polepole, Mama. Polepole." Tukipumzika anaomba radhi, eti ni mzito.

Tulipofika mtaa wa chini Chaita akamtazama akasema, "Mtoto hasubiri. Barabarani hatufiki. Ingizeni kwangu, moto unawaka."

Mlango wake ulikuwa pale pale, wazi. Niliona mwanga ndani.

Mume wangu akasema, "Hapana. Shuleni."

Labda mtu wa mbali hataelewa. Kubebwa na Das ni desturi, wala hakuna anayeshangaa. Kuzalishwa na mkewe ni desturi pia. Lakini kuingia ndani kwao, kupata joto la jiko lao, mtoto wa Thakur avute pumzi ya kwanza kwenye moshi wao, hilo ni jambo jingine. Nilikuwa na mdomo. Sikuutumia. Nilishika mti wangu tukaenda shuleni.

Shule ilifungwa mwaka ule wanafunzi walipobaki wawili. Paa limetoboka, sakafu maji. Tulimlaza Kusum juu ya meza mbili za watoto. Na Chaita akampokea mtoto pale, kabla ya adhuhuri. Akalia! Sauti nyembamba, lakini akalia. Msichana.

Nilimwogopa mume wangu kwa hilo nalo. Akasogea akamtazama, uso wake ukalegea wote. "Msichana? Basi na awe msichana," akasema. "Ana paji la mama yangu."

Chaita akasema, "Ni mdogo mno. Anataka moto, bwana Thakur. Sasa hivi."

Kuni za shule zilikuwa maji matupu. Chaita akatoka mbio akarudi na makaa kwenye karai, yanawaka mekundu kabisa, kayafunika na bati. Mume wangu akasimama mlangoni.

"Ya wapi hayo?"

"Ya jikoni kwangu. Yangekuwa ya wapi?"

"Yarudishe."

"Bwana Thakur, ni moto tu."

"Nitaleta ya kwangu. Nakwenda nyumbani naja. Nakwenda mbio."

Na alikwenda mbio kweli. Mzee yule mwenye magoti mabovu, kwenye ule mlima, kwenye ile mvua, nilimwona akianguka na kuinuka na kuanguka tena. Alimpenda yule mtoto. Ndilo linaloniua.

Chaita alikuwa ameshalitoa karai nje, mvua ikayazima makaa; akangoja mpaka mzee kapotea kwenye kona. Kisha akaja karibu nami, hakurudi nyuma hatua mbili, akanong'ona, "Ameondoka, bimkubwa. Nipe mtoto. Ni hapo tu. Au twende sote, na mama yake."

Kusum akasema toka mezani, "Mama, mpeleke."

Nilikuwa nimemtia mtoto ndani ya blauzi yangu, kifuani, ila na mimi nilikuwa nimelowa mpaka mifupani, joto ningempa lipi? Nikasema, "Baba yenu anakuja sasa hivi."

"Mama."

"Anakuja, mwanangu. Vumilia. Akitukuta huko itakuwa balaa."

Dayal Das alikuwa amesimama nje kwenye mvua, hakutaka kuingia penye mzazi. Alinisikia. Akageuza uso.

Tulingoja. Chaita aliishika miguu ya mtoto akaisugua na kuipulizia. Mtoto alikuwa anafungua mdomo bila sauti. Nikawa nasema anakuja, anakuja, kama mwendawazimu. Kisha nikaacha kusema, kwa sababu kile kifua kidogo nilichokisikia juu ya changu kilikuwa kimeacha.

Mume wangu alifika baadaye na chungu kakikumbatia ndani ya blanketi. Akakifunua. Ndani mlikuwa na majivu yaliyoloana. Akawa anayapuliza, anayapuliza, majivu yanamrukia ndevuni, mpaka Dayal Das akaingia akamshika mkono akamwambia, "Kalam, basi." Hakumwita bwana.

Agosti 22

Watoto wachanga hawachomwi, huzikwa. Dayal Das alichimba. Kusum ana homa, Chaita anapanda kumtazama kila siku na kukaa nje ya kizingiti. Sijamwambia aingie. Sijui hata namna ya kusema maneno hayo, ulimi umezoea vingine.

Agosti 28

Birendar kafika, kavuka mlima uliokatika kwa mikono na magoti. Baba yake akamwambia mtoto alizaliwa hana uhai. Nilikuwa namimina chai. Kusum alikuwa amekaa ukutani na shali yake.

Akasema, "Alilia."

Basi. Birendar akamtazama baba yake, akanitazama mimi. Mimi nikatazama chai.

Agosti 31

Wameondoka. Birendar kamweka Kusum mgongoni. Alimgusa baba yake miguu kwa haraka, kwa desturi ya heshima tu. Kusum hakugusa miguu ya mtu. Nilimfungia mikate ya wimbi na samli, akaipokea, akasema, "Rudi ndani, Mama, unalowa." Afadhali angenitukana.

Septemba 6

Askari mstaafu kachukuliwa na binti yake. Mume wangu anakaa veranda.

Septemba 13

Karani wa kata kapanda leo kuhesabu watu. Kijana mpole, kalamu sikioni. Akamuuliza mume wangu, "Mtaa wa juu mko wangapi?" Mume wangu akaanza kutaja majina, wa Delhi, wa Dehradun, waliokufa, wote. Karani akaandika kidogo kisha akaacha, akanitazama kuomba msaada. Nikamwambia, "Andika watatu, na kuhani. Hapana, kuhani ni mmoja wao."

Akauliza kama kuna aliyezaliwa mwaka huu.

Nikasema, "Yupo." Mume wangu akasema, "Hayupo," sauti moja na mimi. Karani akasubiri. Mwishowe sijui aliandika nini.

Septemba 19

Mvua imekwisha. Manoj kaja kuwachukua wazazi wake na baba yake mkubwa. Kesho wanaondoka.

Nimeteremka. Sikutafuta mbuzi. Chaita alikuwa anafungasha, na aliponiona akaanza kurudi nyuma zile hatua zake, nikamwambia, "Wacha, Chaita. Naomba kuingia."

Akashtuka. Akatazama nje kama kuna mtu. "Ndani hamna kitu, bimkubwa. Tumeshafunga."

"Naomba."

Akanipisha. Ndiyo mara yangu ya kwanza, na nimeolewa hapa nikiwa na miaka kumi na sita. Chumba kidogo, kimepakwa udongo upya ingawa wanahama. Kikavu. Jiko la udongo kama langu, moto kama wangu. Nilikaa karibu nalo, na kwa vile asubuhi ilikuwa na baridi na umande wa njiani ulikuwa umenilowesha nikahisi joto likinipanda miguuni, magotini, tumboni, mpaka nguo zangu zikaanza kutoa mvuke. Kutoka pale mlangoni shule inaonekana. Ungeweza kumwita mtu bila kupaza sauti.

Manoj alikuwa ua wa nyuma anafunga kamba. Akachungulia, akaniona nimekaa jikoni kwa mama yake. Nilingoja aseme lake, alikuwa na haki ya kusema. Akatikisa kichwa akaendelea na kamba zake.

Nikamuuliza Chaita, "Angeishi?"

Angeweza kunidanganya. Watu wa chini wametudanganya miaka yote kwa adabu, ndiyo kazi tuliyowapa. Alikaa karibu yangu, akasukuma kuni ndani kidogo.

"Nimepokea wadogo kuliko yule," akasema. Akaonyesha kona kati ya jiko na ukuta, mahali palipokuwa na gunia limekunjwa. "Ningemlaza pale."

Nikaliendea lile gunia nikaligusa. Lilikuwa la moto.